Kabati la vifaru kutoka Keko, na ile kumi na sita iliyonigharimu

Kabati limenigharimu shilingi 1,162,000, vioo na usafiri humohumo. Huu ni mwezi wa tano liko sebuleni kwangu Tabata, limepita masika yote, na hadi leo sijafuta vumbi ndani yake hata mara moja. Ninaishi hatua sitini kutoka barabara ambayo haina lami. Atakayeniuliza kama mafundi walionitengenezea wanajua kazi, jibu langu ni ndiyo, wanajua. Makosa yalikuwepo, mengine yao na mengine yangu, na nitayasema yote ili anayetaka kabati la namna hii asiyarudie.

Kwanza nieleze kilichomo. Mimi ni fundi wa maabara ya meno. Mchana kutwa nachonga nta na kumwaga plasta, usiku natengeneza modeli za vifaru vya kwanza vya vita, vile vya 1916 hadi 1918, kwa kipimo cha moja kwa thelathini na tano. Kifaru cha Kiingereza cha Mark IV, ambacho chenyewe kilikuwa na urefu wa mita 8 hivi, kwangu kina sentimita 23. Renault FT ya Ufaransa haizidi sentimita 15 pamoja na mkia wake. Ninavyo kumi na kimoja. Kwa miaka minne vilikaa juu ya kabati la nguo, vimefunikwa kanga. Akija mgeni napanda stuli, nashusha, na kila nikishusha kuna kitu kinabanduka: leo bomba la moshi, kesho kifuniko cha mlango. Mark I yangu, ile ya Kiingereza iliyotangulia Mark IV, ina mkia wa magurudumu mawili nyuma, uliowekwa kusaidia kukata kona, na mkia ule nimeugundisha mara sita.

Sasa, si kila kabati linafaa. Kifaru cha siku hizi ukikiweka popote kinaonekana, maana mzinga wake uko juu kwenye kichwa kinachozunguka. Mark I na wadogo zake hawana kichwa. Mwili ni kama msambamba uliolala kwa ubavu, na mnyororo unauzunguka wote, chini mpaka juu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupanda kingo za mahandaki na kukanyaga seng'enge. Mizinga iko ubavuni, mmoja kushoto na mmoja kulia, ndani ya vibanda vilivyotokeza kama mashavu yaliyojaa chakula. Uzuri wote uko pembeni. Ukikiangalia kutoka juu unaona bati na ribiti tu. Ukikiona upande mmoja, nusu ya kifaru hujaiona. Na kuna jambo jingine ambalo Kiswahili kinalibeba vizuri kuliko lugha yao wenyewe: Waingereza waliviita vifaru hivyo dume na jike. Dume lina mizinga miwili, jike lina bunduki za rashasha tupu. Wao walikuwa wanasema tangi dume na tangi jike, kwa kuwa jina lenyewe la tangi lilikuwa la kuficha siri, ili watu wadhani ni matangi ya maji yanayotengenezwa. Sisi tumemwita kifaru, mnyama mwenye ngozi nene, na dume na jike wake wanaeleweka bila maelezo. Nataka mtu akifika sebuleni kwangu aweze kuwatofautisha kwa kuangalia ubavu.

Kwa hiyo nilihitaji rafu za kioo zilizo usawa wa macho, kina cha kutosha, na nyuma kioo cha kujitazamia. Niliulizia makasha ya plastiki angavu ya kuagiza nje. Ukijumlisha usafiri wa makasha kumi na moja unanunua pikipiki. Nikaenda Keko, kwa mafundi wa samani wa Dar.

Fundi niliyempata ni mzee wa makamo ya kustaafu, banda lake liko nyuma kidogo, mbali na yale ya mbele yenye makochi ya kung'aa. Nilimchagua kwa sababu moja: nilivuta droo ya kabati lililokuwa linasubiri mwenyewe, ikatoka kwa kidole kimoja bila kulia. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia, "Mzee, nataka kabati la vioo la kuwekea vifaru."

"Vingapi?"

"Kumi na kimoja, na vingine vinakuja."

Hakushangaa. Akachukua penseli sikioni, akaandika kwenye kipande cha mbao: upana futi nne, urefu futi tano, kina inchi kumi na mbili, chini droo ya futi moja. Hayo tulielewana. Nikamwambia nafasi kati ya rafu na rafu iwe kumi na sita. Akaandika 16. Nikalipa nusu, nikaondoka nimeridhika.

Wiki ya tatu nikaenda kuangalia. Fremu ilikuwa imesimama, mninga mwekundu umepigwa msasa mpaka unateleza, na ndani kulikuwa na vyumba vitatu. Nilitegemea saba. "Mama, si ulisema kumi na sita?" Nilisema, kweli. Nilisema kumi na sita za sentimita, kwa sababu kazini kwangu hakuna kipimo kingine. Yeye aliandika kumi na sita za inchi, kwa sababu banda zima halina kipimo kingine. Na neno vifaru ndilo lililomhakikishia. Alikuwa anatengeneza kabati la vinyago vya mpingo, wale vifaru wenye pembe kama wanaouzwa Mwenge. Kinyago cha kifaru kinataka inchi kumi na sita, alikuwa sahihi kabisa.

Nilikuwa na Renault kwenye mkoba, imezungushiwa pamba. Nikaitoa nikaiweka katikati ya chumba cha juu. Ilikaa pale kama punje ya maharage kwenye sinia. Mzee akainama, akasogeza miwani kwenye paji la uso, akaangalia kwa muda. Aliangalia magurudumu madogo ya chini, akaangalia mnyororo, akataka kuugusa akaacha.

"Hiki ni kifaru cha jeshi."

"Ndiyo, mzee."

"Cha vita ya Kagera?"

"Hapana. Hiki ni babu yao. Cha 1917."

Akaniuliza hiki kijichumba cha juu kinazunguka? Nikakizungusha kwa ncha ya ukucha. Renault FT ndiyo iliyoweka mzinga kwenye kichwa kinachozunguka mzunguko mzima, injini nyuma, dereva mbele, na mpangilio huo ndio ulioendelea kwenye vifaru vingi vilivyofuata. Zilitengenezwa zaidi ya 3,000, na ndani yake walikaa watu wawili tu. Mzee akasema, "Basi huyu ndiye aliyepata akili." Tangu siku hiyo hakutaka tena niandike kitu, alitaka nimletee kifaru chenyewe apime.

Marekebisho tulikubaliana hivi. Chumba cha chini kikabaki na inchi zake kumi na sita, nitaeleza kwa nini. Viwili vya juu tukavigawa mara tano, kila kimoja sentimita kumi na sita na ushee, na hapo A7V ya Wajerumani inaingia na nafasi inabaki, ingawa ni kifaru kirefu kwenda juu, karibu sentimita tisa na nusu kwa kipimo changu. Rafu tatu za ziada zilikuwa shilingi 84,000. Mzee akasema tugawane, 42,000 kila mtu. Sikubishana. Kosa lilikuwa la wawili na malipo yakawa ya wawili.

Kazi ya mbao yenyewe naipa alama zote. Maungio ni ya ulimi na shimo, hakuna msumari unaouona wala usiouona. Kilichonivutia zaidi ni milango. Mimi nilitaka ya kusukuma, kama ya maduka ya simu, kwa kuwa haichukui nafasi. Mzee alikataa. Alinipeleka banda la jirani, akanionyesha kabati la milango ya kusukuma, akapitisha karatasi kati ya vioo viwili ikapita bila kuguswa. "Karatasi ikipita, vumbi limeshapita." Akaweka milango ya bawaba, na kuzunguka fremu yote akapachika ule mpira mweusi wa madirisha ya alumini. Ukifunga mlango unasikia hewa ikibanwa. Hiyo ndiyo sababu sijafuta vumbi miezi mitano, na wazo lilikuwa lake.

Kwenye vioo ndipo nilipopata wasiwasi.

Kijana wa vioo ana duka huku kwetu Tabata. Alikata vizuri, kingo amezisugua hazikati mkono, na kile kioo cha kujitazamia cha nyuma amekipachika bila wimbi. Lakini alibandika kwa silikoni ya kawaida, ile inayonuka siki. Akamaliza jioni, akafunga milango, akaniambia, "Dada, kesho panga vitu vyako."

Mimi nilisikia ile harufu nikashtuka. Vifaru vyangu vina mikanda, buckle ndogo za maturubai na vipande vya kamba ambavyo nimevikata kutoka karatasi ya risasi, ile nyembamba inayokuwa ndani ya pakiti za filamu za eksirei ya meno. Inakunjika kama kitambaa na hairudi ilivyokuwa, hakuna kitu bora kwa mkanda wa milimita moja. Ila risasi na mvuke wa siki ni maadui. Risasi ikifungiwa na mvuke ule inaota unga mweupe, na unga ukishaanza unakula mpaka mkanda unasagika. Wenye makumbusho wanalijua hili. British Museum wana kipimo chao tangu 1973, ambapo vipande vya risasi, fedha na shaba hufungiwa pamoja na mbao au gundi inayotiliwa shaka, kwa joto, siku 28, kisha vinakaguliwa.

Mimi sikuwa na joto la maabara yao, nilikuwa na joto la Dar. Nilikata kipande cha risasi ukubwa wa kucha, nikakisugua kwa msasa laini mpaka kikang'aa kama samaki aliyetoka majini, nikakiweka kwenye kioo ndani ya kabati, nikafunga. Kingine kama hicho nikakiacha mezani. Siku ya kumi nikaviweka pamoja chini ya lenzi ninayokagulia meno. Cha mezani kilikuwa kimefifia kidogo, kijivu. Cha kabatini kilikuwa na ukungu mweupe pembeni, kama chumvi inayobaki kwenye ngozi ukitoka kuogelea. Nikakipitishia brashi, ukungu ukatoka, na chini yake palikuwa na vishimo.

Nilimwita kijana akaja akaona mwenyewe kwenye lenzi. Sikumgombeza, hakuna aliyewahi kumwambia. Akatoa silikoni yote iliyokuwa ndani kwa wembe, kazi ya mchana mzima, akabandika upya kwa aina isiyonuka siki. Ipo madukani, inazidi bei kidogo tu. Hakunidai nyongeza. Baada ya hapo kabati likakaa wazi wiki tatu, mpaka vanishi nayo ikaacha kunuka, ndipo nikarudia kipimo changu na kipande kikatoka safi. Anayetaka kuweka modeli zenye risasi, au medali za babu, aagize silikoni hiyo tangu mwanzo na asikubali kuambiwa kesho panga vitu vyako.

Taa ni za mkanda, tumeziweka kwenye kingo za mbele zikiangalia ndani. Mwanzo zilikuwa nyuma, vifaru vyote vikawa vivuli. Adapta iko nje ya kabati, joto lake lisiingie.

Na kile kioo cha nyuma kinafanya kazi niliyoitegemea, kwa sharti kwamba usipange vifaru sambamba na mlango. Nimevipanga kwa mshazari, karibu na mbele. Hapo ukisimama unaona shavu la kushoto la Mark IV moja kwa moja na shavu la kulia kwenye kioo, mzinga na yote. Mark IV hiyo ni ya Tamiya, kampuni ya Kijapani ya modeli, waliyoitoa 2014 ikiwa na mota ndogo ndani, na ribiti zake ni kali kiasi kwamba kivuli cha kila moja kinaonekana taa zikiwaka. Nimeipaka kahawia moja tupu. Mark I iliyo juu yake ina mabaka ya rangi mbalimbali, kwa sababu vile vya kwanza vilipakwa na mchoraji, Solomon J. Solomon, kwa nia ya kuvificha machoni. Baadaye wakaacha, tope lilikuwa linafunika kila kitu.

Sasa chumba cha chini, chenye inchi kumi na sita. Hapa nimejenga handaki kwa plasta ya meno, ile ya manjano iliyo ngumu, na nilitaka mtu aweze kuinama na kutazama ndani yake kutoka juu. Juu ya ukingo kuna Mark IV ya pili, pua imeinuka, na imebeba mgongoni mzigo wa matawi. Ni mapigano ya Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 20 Novemba 1917. Mahandaki ya Wajerumani yalikuwa mapana mno, kwa hiyo Waingereza walifunga matita makubwa ya fito, kila tita lina upana wa mita 1.4 hivi na uzito wa karibu tani moja na robo tatu, yakakazwa kwa minyororo. Kifaru kinafika ukingoni, kinaangusha tita ndani ya handaki, kinapita juu yake. Watu wanane ndani, injini katikati yao bila ukuta, joto na moshi, wakipeana ishara kwa kugonga chuma maana sauti haisikiki.

Tita langu lina urefu wa sentimita nane na nusu na unene wa sentimita nne. Nimelifunga kwa vipande zaidi ya mia tano vya njiti za ufagio wa chelewa, zile ncha zake nyembamba tu, na mnyororo ni wa kidani cha mtoto nilichonunua Kariakoo. Njiti za mnazi zina kahawia yake ambayo rangi ya chupa haiipati. Sikuzipaka kitu.

Mkabala wa handaki, kwenye chumba hichohicho, kuna mstari wa watu kumi na wawili wenye urefu wa chini ya sentimita tano. Ni wapagazi. Nimewachonga kwa nta na kuwamwaga kwa akriliki ya waridi ya meno ya bandia, kisha nikawapaka rangi ya ngozi zetu. Kila mmoja ana mzigo kichwani. Waingereza waliingia Dar es Salaam mwanzoni mwa Septemba 1916. Tarehe 15 ya mwezi huohuo, kule Somme nchini Ufaransa, vifaru vilitumika vitani kwa mara ya kwanza duniani. Vita ni ileile moja. Huku kwetu mbung'o waliua farasi na ng'ombe, magari yalikwama, na mizigo ikabebwa na watu, maelfu kwa maelfu, na wengi hawakurudi. Kariakoo imepata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao. Babu wa mama yangu alichukuliwa kutoka milima ya Uluguru na hatujui alizikwa wapi. Sanamu ya Askari pale mjini ina bunduki, na ni haki yake. Mimi nilitaka pia mwenye mzigo awe na mahali pa kusimama penye taa.

Mzee wa Keko alipokuja kukaza bawaba alichuchumaa mbele ya chumba hicho kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia Renault. Aliuliza yule wa mwisho mbona amegeuka nyuma. Nikamwambia ndivyo nilivyomchonga. Akanyamaza, akafunga mlango taratibu mpaka mpira ukakamata.

Kuhusu muda: aliahidi wiki mbili, kabati likatoka wiki ya sita, na humo wiki mbili ni za marekebisho yetu. Nyingine mbili ni za njoo kesho, na simu mara nyingine haikupokelewa. Hilo sikulipenda na nilimwambia. Kitasa cha droo nacho ni dhaifu, nimeshakibadilisha. Bei ilikwenda hivi: mbao na ufundi 780,000, vioo 310,000, kirikuu ya kulileta Tabata 30,000, na ile 42,000 ya rafu. Kirikuu usiipakie vioo pamoja na fremu. Vyangu vilipachikwa hapa nyumbani na ndiyo maana hakuna kilichopasuka.

Renault mbili na Whippet moja, kifaru cha Kiingereza chepesi zaidi, bado hazina rafu. Nimeshapeleka nusu ya malipo ya kabati la pili, dogo, la ukutani. Safari hii mzee alikataa vipimo vya mdomo na vya karatasi. Aliniambia nimwachie Whippet bandani wiki nzima, nami nimemwachia, ndani ya kopo la plasta, juu ya rafu anayowekea randa zake.